Dawa Isiyogawanywa

Jikoni walimwita dada yangu Mizani, kwa sababu ya upawa. Alikuwa akiwapakulia wanafunzi wa shule ya bweni, na ungechukua sahani ya kwanza kwenye mstari na ya mwisho ukaziweka pamoja, usingejua ipi ni ipi. Maharage, mchuzi, nyama siku ya nyama, vyote vilitoka sawasawa. Wasichana wa shule walimpenda kuliko walivyowapenda baadhi ya walimu wao. Mpishi mkuu, mzee mnene asiyependa kufungua mdomo bila sababu, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba upawa ule ni wa Mizani mpaka atakapostaafu. Kwa mtu bahili wa sifa kama yule, hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Mimi ni mdogo wake. Nashona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba niliyopanga, mtaa wa pili kutoka kwake. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuvumilia, na dada ni mvumilivu kupita kiasi. Nadhani mama yetu alimpa yeye uvumilivu wote, mimi nikapewa mdomo.

Nyumbani kwake nako aligawa. Mama mkwe wake, bibi wa watoto wake pacha, alikuwa na sheria moja iliyozidi sheria zote: katika nyumba ile hakuna anayekula kitu peke yake. Chungwa likiingia, linahesabiwa vipande. Yai la kuchemsha linakatwa kwa uzi ili kiini kisimwagike. Siku moja jirani alimpa pacha mmoja pipi, mtoto akaimumunya mpaka nusu, kisha akamtemea mwenzake kiganjani, na bibi akamsifu. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Sikuimaliza.

Kwa hiyo mama mkwe alijiona amebahatika kupata mke wa mwanawe mwenye mkono wa kugawa vile. Alimwita Mama Pacha na kumsifia kwa majirani. Mwenyewe ndiye aliyepika, maana dada alishinda kazini na shemeji alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule. Tangu afiwe na mumewe, mwiko ndio uliomwamsha asubuhi. Alikuwa na beseni lake la bluu chini ya meza ya jikoni, na humo ndimo alimosuuza vidole tangu asubuhi mpaka chakula kiive, maji yale yale, kwa kuwa bomba lilikuwa mbali na maji hayachezewi. Nililiona beseni lile mara nyingi. Sikuwahi kuliwazia lolote.

Mambo yalianza kwenye vipimo. Kila muhula unapofunguliwa, wafanyakazi wote wa jikoni hupeleka choo kwenye zahanati, katika vikopo vidogo vyenye vifuniko. Wengi huvificha ndani ya mifuko mitatu na kutembea nayo kama watu walioiba. Dada hakuwa na wasiwasi, ingawa tumbo lilikuwa likimsokota kwa muda na alikuwa akikimbilia choo kila mara. Alisema ni pilipili. Majibu yalipotoka, ilikuwa amiba.

Jikoni kuna utaratibu wake, na dada aliujua kuliko yeyote. Mwenye amiba hagusi chakula cha watu. Mpishi mkuu alimpokonya upawa bila kumtazama usoni, akautundika kwenye msumari ukutani. Kesho yake akampa msichana mmoja wa kuosha vyombo, mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, waliyezoea kumwita Kucha. Vipimo vya Kucha vilikuwa safi. Mtu unacheka au unalia?

Dada akapelekwa stoo. Ile stoo iko nyuma ya jiko, haina dirisha ila tundu la kupitishia vitu, na mlango wake ni wa wavu wa chuma, unaofungwa kwa kufuli upande wa nje. Zamani vitu vilikuwa vikitoweka humo, ndipo mpishi mkuu akaamua kwamba anayefanya kazi stoo hufungiwa na hufunguliwa na yeye tu. Kazi ya dada ikawa kushona magunia yaliyopasuka na kupanga makaa. Nilimtania kwamba hatimaye ameingia kwenye fani yangu. Hakucheka. Akaniambia kwamba akishikwa na tumbo inabidi agonge wavu kwa kopo mpaka mtu amsikie, na wakati wa kupakua, kwa kelele za sahani, hakuna anayesikia.

"Unafanyaje?" nikamuuliza.

"Najikaza," akasema. "Siku nyingine najikaza, siku nyingine nashindwa."

Sikumtania tena kuhusu stoo.

Kupitia lile tundu alikuwa akimwona Kucha anavyopakua. Marafiki wanajaziwa, wengine wanarushiwa. Wasichana wa mwisho kwenye mstari walipata mchuzi mtupu. Kilichomuuma dada hasa ni hicho, kuliko hata kufungiwa. Mpishi mkuu naye akamwambia wazi, mbele ya wavu, kwamba shule ikifungwa kabla hajapona, upawa anaukabidhi kwa Kucha moja kwa moja na yeye atabaki na magunia.

Dawa alipewa, tena dawa nzuri. Tabibu wa zahanati alimpa pakiti mbili na kumweleza vizuri. Ya kwanza, vidonge vyeupe vichungu, inaua amiba walio kazini, wanaotafuna utumbo. Ya pili inamezwa baada ya hapo, na kazi yake ni kuwamaliza waliojificha kwenye maganda yao, maana hao ndio wanaotoka na kuambukiza wengine. Alimwonya asiache katikati hata akijisikia nafuu. Dada alielewa yote. Tatizo ni kwamba alizipeleka nyumbani.

Nilifika kwao jioni moja kumpelekea sare za pacha nilizokuwa nimezipunguza. Nikamkuta mezani na ubao wa kukatia vitunguu, na juu yake vile vidonge vyeupe, anavikata kwa wembe. Kila kipande sawa na mwenzake, bila shaka. Mama mkwe alikuwa amekinga kiganja. Pacha wamesimama kwenye foleni. Hata shemeji, aliyekuwa safarini na lori lake, alitengewa kipande chake kwenye kisosi, kimefunikwa na bakuli.

"Dada, hivi vidonge au keki?" nikasema.

"Vinatosha," dada akasema bila kuinua macho. "Nimegawa vizuri."

"Hao wengine wanaumwa nini?"

Mama mkwe akanijibu yeye, tena kwa upole. "Hatuumwi, mwanangu. Lakini hivi vidonge vichungu sana. Utamwachaje mwenzako akunje uso peke yake, nyinyi mmekaa mnamtazama? Sisi hatukulelewa hivyo." Akaweka kipande chake mdomoni, akakunja uso, akanywa maji. Pacha wakafuata, mmoja akatapika palepale mlangoni. Nilitaka kumpa bibi vidonge vyake, vile vya maneno, lakini alikuwa ameshainama kumfuta mtoto mdomo.

Bila shaka haikusaidia. Dawa ya mtu mmoja imemezwa na watu watano, itamponya nani? Tumbo la dada likatulia kidogo kisha likarudi palepale. Kipimo cha pili, amiba. Tabibu akamuuliza kama alimeza dawa zote kama alivyoelekezwa, naye akasema ndiyo. Angesema nini? Kwamba alizipakulia nyumba nzima? Aliona aibu, na aibu yake ikamrudisha stoo.

Alipopewa dawa upya, niliingilia mwenyewe. Nilimwambia pakiti zile hazivuki mlango wa kwao, zinakaa kwangu ndani ya kopo la vifungo, na yeye atapita kumeza akienda kazini, na akitoka, na kabla ya kulala. Alikubali shingo upande. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha wateja, kidonge mkononi, anakitazama kwa muda mrefu.

"Meza," nilikuwa nikimwambia, miguu yangu ikiwa kwenye kanyagio la cherehani.

"Najiona mwizi."

"Mwizi wa amiba. Meza."

Alikuwa akimeza, kisha anafuta midomo kwa upande wa khanga kabla ya kutoka, kama mtu aliyekula nyama kwa siri. Alisema kila kitu kina ladha ya chuma, hata maji. Alisema nyumbani mama mkwe anamuuliza mbona daktari hakutoa dawa mara hii, naye anadanganya, na anapodanganya chakula hakipiti. Lakini alimaliza pakiti zote mbili. Tumbo likatulia kweli, kipimo kikaja safi, na mpishi mkuu akaungua mkono kwa haraka ya kuushusha upawa kutoka kwenye msumari uliokuwa juu ya jiko. Wasichana walipomwona nyuma ya sufuria walipiga sahani zao kwa vijiko mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Niliamini tumemaliza. Nilijisifu hata kwa wateja.

Kisha tumbo likaanza tena. Kwanza alijidanganya kwamba ni pilipili. Halafu asubuhi moja, wakati sufuria zinachemka na hakuna aliyemwambia lolote, alikwenda mwenyewe kuutundika upawa, akaingia stoo, akamwomba mpishi mkuu afunge. Yule mzee alisimama na kufuli mkononi. Akamwambia kwamba shule inakaribia kufungwa na safari hii hana la kumsaidia. Dada akaitikia kwamba anajua. Kisha kufuli likalia.

Siku hiyo alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja na kulia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mama. "Nikigawa naumwa," akasema. "Nikimeza peke yangu naumwa. Sasa nitokee wapi?"

 Nilimshika mkono tukaenda zahanati, na safari hii mimi ndiye niliyezungumza. Nilimwambia tabibu habari ya wembe, ubao na kisosi cha shemeji. Dada alitamani ardhi ipasuke. Tabibu hakumgombeza. Akamwita mtu wa maabara, kijana mwembamba mwenye miwani, na yule kijana akauliza swali moja.

"Nyumbani kwenu nani anapika?"

Alitupa vikopo vya kutosha familia nzima. Nilidhani mama mkwe atavikataa, lakini dada alimwambia kwamba daktari anataka watu wote wa nyumba wamsindikize kwenye vipimo, basi bibi akawa wa kwanza, tena akawasimamia wengine. Hata shemeji, aliyepita nyumbani kubadilisha nguo, hakuponyoka.

Tulifuata majibu pamoja, dada na mimi. Kijana wa maabara alitupeleka pembeni, karibu na ndoo za taka. Pacha safi. Shemeji safi. Dada anao. "Na huyo bibi anayepika anao wengi mno," akasema. "Hao wa kwenye maganda. Yeye haumwi wala hajui. Kuna watu wanaishi nao miaka bila hata kusikia tumbo. Lakini wanatoka kwake, wanafika mikononi, na mikono ndiyo inayopika."

Nikaliona beseni la bluu kana kwamba limewekwa pale miguuni petu.

Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi sana. Muda wote ule dada anagonga wavu kwa kopo, anaonekana mchafu mbele ya watoto wa watu, kumbe chanzo kimekaa nyumbani kinasifiwa kwa mapishi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia yule bibi. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wao, dada akanishika kiwiko.

"Hutamwambia," akasema.

"Kwa nini nisimwambie?"

"Ukimwambia, hatashika tena mwiko. Unamjua. Atakaa kitandani ageukie ukutani, na hatatuomba hata maji."

"Na wewe je? Wewe umekaa ndani ya wavu."

"Mimi najua mlango ulipo," akasema. "Yeye hana pa kwenda."

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaingia ndani, nami nikamfuata nikiwa nimefura.

Alimkuta mama mkwe anapembua mchele. Akapiga magoti karibu naye, kama anayeomba radhi.

"Mama, majibu yametoka. Mimi bado ninao."

"Pole, mwanangu. Na sisi?"

"Watoto hawana. Baba yao hana." Akameza mate. "Daktari amesema nina dawa mbili. Ile chungu nitaimeza mwenyewe. Lakini ya pili haitanishika vizuri mpaka nisindikizwe na mtu mzima mmoja wa nyumba hii. Kila mmoja na pakiti yake, bila kugawana, bila kuacha. Nimekuandika wewe."

Bibi alifikiri kidogo. "Haigawanywi kabisa?"

"Haigawanywi, mama. Hata nusu."

"Dawa gani hiyo yenye roho mbaya," akasema. Lakini akakubali, na ukweli ni kwamba aliona fahari kuchaguliwa.

Na beseni je? Hilo nalo dada alilimaliza palepale. Alisema kwa kuwa yeye ndiye mchafu, haifai mikono yake na ya wengine ikutane kwenye maji mamoja, kwa hiyo atanunua ndoo yenye bomba na sabuni, na kila mtu, hata mpishi, akitoka chooni na kabla ya kushika chakula, ananawa kwa maji yanayotiririka. "Kwa ajili yangu, mama, mnivumilie." Beseni la bluu likapelekwa uani, likawa la kufulia. Kila alilolisema alijitwisha yeye, na mimi niliyesimama mlangoni nilikuwa natafuna ulimi.

Bibi alimeza dawa yake yote, sitamnyima hilo. Alilalamika kwamba inamjaza gesi, na pacha walipata la kucheka kwa siku nyingi, wakimpisha njia huku wameziba pua. Saa ya dawa ilipofika ndiye aliyemwita dada, akimimina maji kwenye vikombe viwili, na walimeza kwa pamoja wakitazamana. Shemeji aliporudi alikuta mama yake anampa taarifa ya matibabu kama muuguzi.

Vikopo vilirudi tena maabara. Yule kijana akatuambia wote safi, akasisitiza wote, na akamtazama dada kwa huruma iliyoniuma. Shule ilikuwa haijafungwa. Mpishi mkuu alifungua kufuli, akampa dada upawa kwa mikono miwili, akasema neno moja tu, "Pakua." Kucha akarudi kwenye vyombo, na kwa haki yake, alionekana kashukuru.

Siku mbili tatu baadaye mama mkwe alipita kwangu, jambo lisilo la kawaida. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokaa dada na vidonge vyake. Akasifu kazi yangu, akauliza hali, kisha akaniomba uzi mwekundu kidogo, wa rangi inayoonekana vizuri. Nilifikiri ni wa kukatia mayai, akiona nyekundu itanogesha. Nikamkatia kipande kirefu. Nilimkatia kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili wakaniita kula. Chakula kilikuwa kizuri, yule mama anajua kupika. Alinawa mbele yangu kwenye ndoo ya bomba, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya sinia, na kimoja kilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye kishikio chake, umekazwa kwa mafundo mawili. Kulikuwa na sahani moja ambayo imetobolewa ukingoni ili uzi upite. Na kijiko.

"Vya Mama Pacha," bibi akanieleza, bila ubaya wowote, kama unavyomweleza mgeni choo kiko wapi. "Amepona, tunashukuru. Lakini ana watoto hapa, lazima tujihadhari. Nimemwambia asituletee tena ule ugonjwa."

"Sitauleta, mama," dada akasema.

Pacha mmoja alinyoosha mkono achukue kile kikombe, na mwenzake akampiga kiganja. "Hicho cha mama, kina amiba."

Dada alishika upawa wa nyumbani akaanza kupakua. Akampakulia bibi, shemeji, pacha, akanipakulia na mimi. Mwisho akajipakulia yeye kwenye sahani ya uzi, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali kidogo na mkeka. Sahani zote zilikuwa sawasawa, hata yake.

Mimi hutembea na mkasi mdogo mfukoni, kwa mazoea ya kazi. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikwisha kuinuka nusu, na mdomoni nina kila neno nililolipanga siku ile njiani, kwa mpangilio wake. Dada akanitazama kutoka pale mlangoni. Akatikisa kichwa, mara moja.

Bibi akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikautoa mkono mfukoni, mtupu, nikasema imetosha.